Nyumba Isiyotazama Barabara

Jana niliwasikia. Msidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Mlikuwa kwenye kibanda cha kahawa, mmeweka chini miiko yenu na timazi, na mmoja wenu akasema, "Hawa watu wa kusini wanaokuja kujibanza hapa kwetu, wana nini na sisi? Si warudi walikotoka?" Wengine mkacheka. Mimi nikanyamaza kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto na mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Leo mdomo hauna kazi, kwa hiyo kaeni. Nyinyi ni mafundi wa nyumba na mimi ni fundi wa nyumba, na neno mlilolisema jana linahusu kazi yetu kuliko mnavyodhani.

Najua mnajenga kwa saruji na bati. Hongereni, ingawa mvua ikinyesha ndani ya nyumba zenu mtu hamsikii mkewe, na labda ndiyo maana mnazipenda. Mimi nilijenga kwa miti, udongo na makuti, tangu ndevu za kwanza mpaka goti la kulia lilipogoma kupanda paa. Mnaniita Babu Fito, na sijakasirika. Nyumba nyingi za udongo mnazoziona zimesimama kutoka hapa mpaka Makurunge zimepita mikononi mwangu. Zile zilizoanguka zilijengwa na wengine.

Fundi wangu aliitwa Kondo. Alikuwa Mkwere wa hapa hapa, mfupi, mguu wa kushoto unaburuta kidogo kwa sababu aliwahi kushuka na paa zima la banda la samaki. Alivaa kofia ya ukindu jua na mvua. Na mdomo! Lo, Kondo alikuwa na mdomo, jamani. Ukifunga fito yeye huja nyuma yako, hutikisa kamba, kisha huita kijiji kizima: "Fundo gani hili? Hata mbuzi wa kuazima huwezi kumfungia!" Alinifundisha kwa matusi tu, na kila tusi lilikuwa na somo ndani. Choma mguu wa nguzo motoni kabla hujauchimbia, mchwa wausikie moshi. Funga kamba ikiwa imelowa, ikikauka itabana yenyewe. Kata mti mwezi ukiwa gizani, bungua, wale wadudu wa kutoboa mti, wasiule. Udongo wa kukandikia usiokotwe popote, chimba kwenye kichuguu, maana mchwa wameshaufinyanga kabla yako.

Nilikuwa tayari mtu mwenye mke na mtoto nilipoanza kazi kwake, lakini alinishika sikio kama mtoto wa chuo. Safari moja niliona uvivu kwenda mbali kutafuta mti mgumu. Nikakata msufi mbichi uliokuwa karibu, nikauchimbia kwenye nyumba ya bwana harusi mmoja. Mvua zikapiga, nguzo ikachipua. Bibi harusi anaamka asubuhi, majani yanamning'inia juu ya kitanda. Kondo akanipeleka pale mbele ya wakwe, sikio langu mkononi mwake, akawaambia, "Msimlaumu. Amewafikiria mbali. Mtavuna sufi za mito bila kutoka nje." Mpaka leo nikipita kwenye ile nyumba wananiuliza kama nimekuja kuvuna.

Sasa hao watu wa kusini. Nyinyi mnafikiri wa juzi ndio wa kwanza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita ya pili. Walitokea njia ya mashamba ya mkonge, familia tatu nne za ndugu, vyungu kichwani, watoto mgongoni. Mbele alikuwa mtu mmoja mkubwa, uso umechanjwa chale, meno yamechongwa, jina lake Nambunga. Nyuma yake wadogo zake walikuwa wanambeba mama yao kwenye kitanda cha kamba, bibi mkongwe mwenye kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, pambo la kwao liitwalo ndonya. Kina mama wa hapa walimwita Bibi Ndonya siku ile ile, na jina likamkaa. Watoto wetu walikimbia wakijificha uvunguni, maana kwa miaka tulikuwa tunawatisha: "Ukilia, Mmavia atakuchukua." Hilo ndilo jina walilopewa na watu wa pwani. Wenyewe walisema, "Sisi Wamakonde," na walikuwa na haki ya kusema.

Kwao, ng'ambo ya mto Ruvuma, Mreno alikuwa anakamata wanaume kwa kazi za nguvu. Ukikimbia, wanamshika mkeo wanamfungia mpaka urudi. Nambunga alirudi kimya kimya, akaichukua familia yote, akamvusha mama yake mto mgongoni. Mkongeni walifanya kazi mpaka wakachoka kukatia wengine mkonge, wakataka kulima muhogo wao wenyewe. Ndipo wakaja kupiga hodi hapa.

Jumbe wetu aliwaita wazee barazani kwake. Mimi nilikuwepo kwa sababu baraza lenyewe lilikuwa limepasuka, na Kondo na mimi tulikuwa tunaliziba. Msije mkadhani wazee wetu walikuwa na roho mbaya. Waliagiza maji, Nambunga akanywa, akaulizwa habari za njia. Lakini lilipofika suala la ardhi, Mzee Shomari akakohoa. Huyu alikuwa mtu mkavu, mwenye shamba kubwa la muhogo, na mila zote za kijiji alizihifadhi kichwani.

"Sina neno na mgeni," akasema. "Nguruwe wanakula, shauri lao na Mungu wao. Mimi nauliza moja. Hawa watani wao ni nani?"

Akamgeukia jumbe.

"Sisi tuna watani. Akifa mtu hapa, ndugu tunakaa tunalia, watani wanachimba kaburi, wanaosha nyumba, wanatoa mkosi, wanatuchekesha tupate kupumua. Hawa akifa mtu wao, nani ataingia nyumba ile? Nani atautoa mkosi? Utabaki pale pale, kisha utahamia kwa jirani. Watu wasio na watani hawawezi kukaa kijijini. Si mimi niliyepanga."

Vijana mnatabasamu. Siku zile hakuna aliyetabasamu, maana alisema kweli tupu. Jumbe akafikiri, akasema, "Wakae mpaka mavuno. Baada ya mavuno tutakaa tena tuamue. Lakini yule bibi asinyeshewe. Kondo, wajengee nyumba moja kabla ya masika."

Kwa hiyo ndugu zangu, kukaa au kuondoka kwa watu wale kulining'inia hapo. Mtu mzima na nguvu zake, amekimbia na mama mgongoni, sasa anaambiwa utapanda muhogo, lakini hatujui kama utauvuna. Nambunga alisikiliza yote akaitikia, "Ahsante, bwana jumbe," akatoka nje, akasimama muda mrefu anatazama kitanda alicholala mama yake.

Tukaanza kazi. Wallahi, sijapata kuona watu wanachimba kama wale. Shimo la nguzo ambalo mimi nilipumzika mara mbili katikati, wao walilimaliza wakiimba. Kondo alipima kwa kamba na hatua, akapanga nyumba nzuri ya pwani: mlango mbele, unatazama barabara, baraza pana chini yake, ukumbi katikati, vyumba pande zote, uani nyuma. Kila alipomwonyesha Nambunga, "Hapa mlango, hapa baraza," Nambunga alitikisa kichwa kidogo, akanyamaza. Kondo akadhani amekubali. Mimi pia.

Ijumaa hatukufanya kazi. Jumamosi asubuhi tukafika, tukakuta ukuta wa mbele umezibwa fito kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mlango umehamishiwa nyuma. Nyumba imeigeuzia barabara makalio!

Kondo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaanza kupandisha sauti.

"Shikamoo, Fundi," akasema Nambunga.

"Kaa na shikamoo yako! Nani ameigeuza nyumba yangu?"

"Yako?" Kiswahili chake kilikuwa cha mkongeni, kifupi kifupi. "Yako iko kwako, nimeiona. Inatazama barabara tangu asubuhi. Inajua nani kapita, kabeba nini, kafuatana na nani. Ile nyumba mmbea."

Mimi nikageuka upande nisionekane ninavyocheka. Nambunga akaendelea, na safari hii hakuwa anachekesha.

"Kwetu nyumba zinatazamana. Ndugu yangu atajenga pale, mwingine pale, mwingine pale. Katikati uwanja. Walipokuja kumchukua kaka yangu ilikuwa mchana, mama alikuwa upande wa nyuma, hakuona. Alitoka akakuta hayupo. Mpaka leo hakurudi. Sasa mama anataka mlango ambao akitoka asubuhi anatuona wote. Hilo tu, Fundi."

Nilimjua Kondo vizuri, mtu yule alikuwa anaweza kulia kwa kuona kifaranga kimekanyagwa, na kila alipotaka kulia alitukana. Akapiga kelele, "Sasa si ungesema toka mwanzo, ewe mla nguruwe!"

Astaghfirullah. Nilitaka ardhi ipasuke. Wadogo zake Nambunga wakaacha majembe. Nambunga akamtazama Kondo juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye ule mguu unaoburuta.

"Hukuniuliza," akasema taratibu, "ewe mguu wa kiti kibovu!"

Kondo alicheka mpaka akakaa kwenye udongo wa kukandikia, udongo mbichi, na kanzu yake. Alipotaka kuinuka akakuta Nambunga ameshika panga lake na hampi. "Kwetu," Nambunga akasema, "mtu akikutukana hivyo usipompiga, basi ni mtani wako, au ni mwendawazimu. Chagua. Na panga hupati mpaka unipe tumbaku." Kondo akatoa tumbaku yote aliyokuwa nayo, anafuta machozi, anasema hajapata kuibiwa kwa raha kama siku ile.

Nyumba tukaijenga kama walivyotaka. Ila Kondo naye alikuwa na kiburi chake. Alisema hajawahi kuacha nyumba bila baraza na hataanza uzeeni, kwa hiyo alijenga baraza upande wa barabarani, kwenye ule ukuta usio na mlango. Baraza mgongoni! Watu walipita wakisimama kuishangaa. Lakini baraza ni baraza. Mtu akitoka shamba amechoka haulizi mlango uko wapi, anakaa. Haikupita muda watu wakawa wanapumzika pale, na mke wa Nambunga akawa anazunguka nyumba na kata ya maji. Hivyo ndivyo kina mama wa hapa walivyoanza kusalimiana naye.

Habari za kutukanana zilimfikia Mzee Shomari. Akasema, "Kutukanana kila mtu anaweza. Utani ni kaburi." Akaendelea kusubiri mavuno.

Masika ilipokolea, Bibi Ndonya akafariki. Alikwenda alfajiri, katika nyumba ile, mlango ukiwa wazi, na nyumba za wanawe tatu zimeshasimama mbele yake. Habari ikaenea kabla ya jua. Kijiji kikatoka, maana msiba ni msiba, lakini kilipofika barabarani kikasimama. Manyunyu yanashuka, watu wamejifunika kanga na majani ya mgomba, hakuna anayevuka. Si chuki. Hakuna aliyejua avuke kama nani. Ndugu hawezi kuingia kuchimba kaburi la ndugu yake, kwao kama kwetu, na mgeni hana njia ya kuingia. Mzee Shomari alisimama pembeni, akasema kwa sauti ya huzuni kabisa, "Nilisema."

Mimi nilivuka mpaka pembe ya nyumba nikachungulia uwanjani. Nambunga alikuwa amekaa chini. Wadogo zake walikuwa wanafunga mizigo. Nikamuuliza, "Mnakwenda wapi na maiti ndani?" Akanijibu bila kuinua uso, "Tunambeba kurudi mkongeni. Kuna Wamakua kule, watani wetu. Watamzika. Hapa hatuna mtu." Nikawaona watoto wamefungwa migongoni tayari, na muhogo wao shambani ulikuwa ndio kwanza unanifika kiunoni. Moyo wangu, wanangu, sijui niwaambieje. Walikimbia mara moja na mama akiwa hai, sasa wanakimbia tena na mama akiwa maiti.

Ndipo tukasikia kelele barabarani. Kondo alikuwa anakuja na jembe begani, kofia imelowa, anagombana na hewa.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo bibi asiye na aibu?" Akapita katikati ya watu, akazunguka baraza lake mwenyewe, akaingia uwanjani mpaka mlangoni. "Wewe bibi! Umevuka mto, umekatisha mapori, simba wamekuogopa, mkonge umekushindwa, halafu unakuja kufia kwenye nyumba ya Kondo udongo haujakauka! Sasa watu watasema nyumba zangu zinaua! Nani ataniita tena kujenga? Inuka uwaambie si mimi!"

Mdogo wake Nambunga aliruka akamkamata shingoni. Kondo hakujitoa, alisimama tu, kofia imeanguka chini, macho yake kwa Nambunga. Na midomo ilikuwa inamtetemeka, mimi niliiona. Nambunga akaendelea kukaa.

Kisha Nambunga akasema, "Kondo. Paa lako linavuja. Mama amekufa kwa baridi ya makuti yako mabovu."

Yule kijana akamwachia. Nambunga akatoa sauti ambayo mpaka leo sijui ilikuwa kicheko au kilio, nadhani vyote viwili, na mke wake akaanza kuomboleza kwa nguvu, na watoto, na wote, kwa sababu sasa iliwezekana kulia. Mtani alikuwa amefika.

Kondo akaokota kofia yake, akarudi kwa wenziwe barabarani. Akawakemea kama alivyonikemea mimi kwa ule msufi.

"Mnasubiri nini? Nani alitupa utani na Wanyamwezi? Uliandikwa mbinguni? Si walikuja na misafara, wakalala Bagamoyo, wakafa Bagamoyo, babu zetu wakawazika? Basi hawa wametembea mbali kama wao, na mama mgongoni. Shomari, umesema utani ni kaburi. Mimi ninakwenda kuchimba. Mwenye jembe anifuate, asiye na jembe akae hapo ameze mate."

Mimi nilikuwa wa kwanza. Siwaambii ili mnisifu. Jembe lilikuwa mkononi na fundi wangu ameita. Wakaja wa pili, wa tatu. Mwalimu wetu wa madrasa aliulizwa, akasema kumsitiri maiti si dhambi, kumsalia ni jambo lingine, akakunja kanzu akabeba maji ya kunywa ya wachimbaji. Mzee Shomari akaja wa mwisho. Na jembe lake, nasema kweli, lilikuwa limenolewa.

Tulipofika mahali pa kuchimba, Kondo akasimama. Alikuwa ameshainua jembe, akalishusha.

"Mtani," akamwita Nambunga kwa mbali. "Safari hii nauliza kwanza. Mama atazame wapi?"

Nambunga akanyoosha mkono kwenye uwanja, kwenye zile nyumba zinazotazamana. "Huku," akasema. "Atuone."

Tukachimba hivyo.

Mavuno yakafika. Nikamkumbusha jumbe kwamba kuna kikao. Akaniuliza, "Kikao cha nini?" na akaendelea kubangua korosho. Hivyo ndivyo walivyokaa.

Sisemi kwamba baada ya hapo kila siku ilikuwa sukari. Harufu ya nyama yao wakati mwingine ilitufikia, na watu walinung'unika. Lakini nguruwe waliokuwa wanafukua muhogo wa Mzee Shomari walipungua mpaka yeye mwenyewe akawa anakwenda kwa Nambunga asubuhi, anakaa kwenye lile baraza la mgongoni, anakohoa, anasema, "Nimeona nyayo upande wa mtoni. Mimi sijui ni nyayo za nini. Nimesema tu." Na Nambunga anamjibu, "Na mimi sijasikia. Nitakwenda kutembea tu." Binti mkubwa wa Nambunga alisilimu akaolewa hapa hapa. Mwanawe ni huyu Nasoro anayejifanya anajikuna kichwa. Usijikune, Nasoro. Jana ulicheka kwa sauti kuliko wote.

Na Kondo na Nambunga walitukanana kila siku ya Mungu. Kondo akiumwa, Nambunga anakuja kupima urefu wake kwa kamba ya kujengea, anamwuliza kama anapendelea shimo fupi au refu. Nambunga akivuna, Kondo anaingia shambani anang'oa muhogo mkubwa kuliko wote, anaondoka bila kuaga. Wake zao walikimbilia jikoni wasiwasikie. Sisi wanafunzi tulijifunza matusi ambayo siwezi kuyasema mbele yenu.

Vita ikaja ikaisha, vijana wakarudi kutoka Burma, wengine hawakurudi. Kondo akazeeka, kazi akaniachia mimi, lakini akawa anakuja kukaa chini ya kila paa ninaloezeka ili anikosoe. Asubuhi moja hakuja. Nikajua kabla sijaambiwa.

Nilikaa msibani pamoja na wanawe, maana alikuwa baba yangu kwa kazi, na siku ile mimi nilikuwa mfiwa. Mkononi nilikuwa na kamba, sijui kwa nini, nilikuwa naifunga na kuifungua tu. Jeneza likawekwa uani. Kina mama walikuwa wanalia vibaya sana.

Ndipo akaingia Kondo.

Nasema akaingia Kondo. Kofia ya ukindu, mguu wa kushoto unaburuta, panga kiunoni, uso umekunjwa kwa hasira. Mtoto mmoja akapiga yowe. Alikuwa Nambunga, mzee sasa, mvi tupu, ameingia chumbani akachukua nguo za marehemu akazivaa, na zote zilimwishia magotini na kwenye viwiko. Akalizunguka jeneza, akashika kamba zake, akazitikisa.

"Fundo gani hili? Hata mbuzi wa kuazima huwezi kumfungia!"

Uani pakalipuka. Mjane alicheka mpaka akamshika jirani yake asianguke. Mimi nililia kwa mara ya kwanza toka asubuhi, na kamba ikaniponyoka. Nambunga akanijia, akanishika sikio, akauliza watu kama huyu ndiye aliyejenga nyumba inayotoa sufi.

Kaburi walilichimba wao, ukoo mzima wa Nambunga, na mwalimu aliwaelekeza ule mwanandani wa pembeni anamolazwa maiti. Walichimba wakiimba. Tulipofika na jeneza tukamkuta Nambunga amelala ndani, amekunja mikono, hatoki. Walimwahidi jogoo, akakataa. Wakaongeza mkungu wa ndizi, akasema anafikiria. Mwalimu akatazama miti, ana haraka ya adhuhuri lakini anajua mila.

Kisha Nambunga akainuka kwenye lile shimo, kifua na kichwa vikaonekana, kofia ya Kondo imepinda. Akaacha kuigiza. Akaongea na jeneza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani barazani.

"Wewe ulimuuliza mama yangu atazame wapi. Mimi sikukuuliza, mtani, maana najua. Nimekujengea inatazama Kibla. Nimepima mwenyewe. Sikuigeuza hata kidogo."

Akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza, akanyoosha mkono nimtoe. Nikamvuta. Mkono wake ulikuwa na udongo wa kichuguu, nauona mpaka leo.

Haya. Wale waliofika juzi wamelala chini ya turubai njia ya Makurunge, na mawingu mnayaona wenyewe. Acheni saruji yenu, chukueni mapanga na kamba, na zilowesheni kwanza. Nasoro, nishike mkono niinuke. Nitakaa chini ya paa niwakosoe. Na tukifika pale, kabla mtu hajachimbia hata nguzo moja, waulizeni nyumba yao wanataka itazame wapi.